Upatanisho wa Vipuri: Tajiriba ya Kuunda Kompyuta ya Michezo

1.0 Utangulizi

Wanaisimu wamezoea kuitazama lugha kama mfumo ambao kila kiungo chake hupata thamani kutokana na uhusiano wake na viungo vingine. Ferdinand de Saussure, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, aliilinganisha lugha na mchezo wa sataranji, ambamo kete haina thamani yoyote nje ya ubao wake. Nimelifundisha wazo hilo kwa miaka mingi. Insha hii inaeleza jinsi lilivyonifaa mahali ambapo sikulitarajia, yaani katika kuchagua vipuri vya kompyuta ya michezo ambayo mimi na binti yangu tuliiunda kwa mikono yetu, hapa Dar es Salaam, mwaka 2023. Ilikuwa ni mara yetu ya kwanza.

Huenda msomaji akauliza jambo hili linahusiana vipi na taaluma ya Kiswahili. Linahusiana kwa njia mbili. Kwanza, takriban kila uamuzi tulioufanya ulikuwa ni uamuzi wa upatanisho. Pili, mazungumzo yetu yote, nyumbani na kwa mafundi wa Kariakoo, yalifanyika kwa Kiswahili, ingawa tungali tunaambiwa kwamba lugha hii haina msamiati wa kuyaelezea mambo kama hayo.

Ni vyema nieleze pia kilichokuwa hatarini. Tulikuwa na shilingi 2,000,000 tu. Kati ya hizo, 300,000 zilikuwa za binti yangu mwenyewe, alizozipata kwa kusuka nywele katika likizo mbili. Kipuri kimoja kisichopatana na vingine kingetosha kuzipoteza likizo hizo zote mbili.

2.0 Nomino Inayotawala

Swali ambalo wengi huanza nalo ni hili: prosesa ipi ni bora? Kwa maoni yangu, swali hilo halina jibu, kama vile halina jibu swali la mwanafunzi anayetaka kujua kiambishi kipi ni bora, *ki-* au *u-*. Kiambishi huwa sahihi kwa nomino fulani. Katika sentensi ya Kiswahili nomino ndiyo inayotawala. Vivumishi, viwakilishi na vitenzi huifuata. Ni lazima basi tujiulize, katika kompyuta ya michezo, nomino ni ipi?

Kwa hakika ni skrini. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli zipatazo milioni 2.07. Ile ya 3840 kwa 2160 ina pikseli zipatazo milioni 8.3, yaani mara nne kamili. Mchezo unapotaka picha 60 kwa sekunde, mashine huwa na milisekunde 16.7 tu za kuichora kila picha. Zikitakiwa picha 144, muda huo hupungua hadi chini ya milisekunde 7. Kwa hiyo anayechagua skrini amekwisha kuamua, kabla ya kugusa kipuri kingine chochote, ukubwa wa kazi itakayofanywa na kadi ya michoro. Na kadi hiyo ndiyo inayokula sehemu kubwa zaidi ya fedha.

Binti yangu aliipenda skrini ya aina ya pili. Hatukubishana; tulipiga hesabu pamoja. Tulipoona kwamba kadi ya kuihudumia ingetuachia fedha zisizotosha hata kununua madabodi, yeye mwenyewe aliichagua ile ya 1920 kwa 1080. Kutokana na uchaguzi huo, kadi yetu ikawa Radeon RX 6600, iliyotoka mwaka 2021, yenye gigabaiti 8 za kumbukumbu na inayotumia wati 132.

3.0 Upatanisho wa Soketi

Baada ya kadi ilifuata prosesa, na hapa ndipo sheria za upatanisho zilipodhihirika. Prosesa hukaa katika soketi ya madabodi, na soketi haina huruma. Prosesa za AMD za soketi ya AM4 haziingii katika AM5. Soketi ya AM5, iliyotoka mwaka 2022, hutumia ramu za aina ya DDR5 tu. Jambo la kuvutia ni kwamba ramu za DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, lakini pengo lililokatwa katika ukingo wa kila moja halipo mahali pamoja. Mtengenezaji ameiweka sarufi katika umbo lenyewe, hata mtu asiyejua lolote hawezi kuunda sentensi mbovu bila ya kutumia nguvu.

Mjadala wetu mkubwa ulikuwa juu ya soketi hizo mbili. AM5 ilikuwa mpya, na aliyeichagua angeweza kutumaini kubadilisha prosesa baada ya miaka kadhaa bila ya kununua madabodi nyingine. "Baba, AM4 imefika mwisho wa safari yake," alisema binti yangu, na hoja yake ilikuwa na uzito. Kwa upande mwingine, mwaka ule madabodi na ramu za AM5 zilikuwa ghali, na tofauti ya bei ingetoka katika fungu la kadi ya michoro. Nilimwuliza kama anajenga kompyuta ya kuchezea sasa au ya kubadilishia baadaye. Alilala na swali hilo siku mbili. Hatimaye alichagua AM4: prosesa ya Ryzen 5 5600 yenye viini 6, juu ya madabodi ya B550, pamoja na ramu mbili za gigabaiti 8. Tulichukua mbili badala ya moja ya gigabaiti 16 kwa sababu prosesa hiyo huisoma kumbukumbu kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na ramu ikiwa moja, njia ya pili hukaa bure.

4.0 Viambishi Tamati

Majina ya prosesa yana mofolojia yake. Katika 5600, 5600X na 5600G, mzizi ni mmoja lakini viambishi tamati vinatofautiana. X huashiria kasi kubwa zaidi. G huashiria kwamba prosesa ina sehemu ya michoro ndani yake. Kwa prosesa nyingi za Intel za aina ya i5 mambo ni kinyume: kwa kawaida isiyo na herufi ndiyo yenye michoro, na F huashiria kwamba michoro imeondolewa. Kwa hiyo mwenye Ryzen 5 5600 asipofunga kadi ya michoro, skrini yake itabaki giza, hata kama kila kitu kingine ni kizima. Wanafunzi wangu hudhani nafanya utani ninapowaambia kwamba herufi moja yaweza kugharimu fedha. Basi na watafakari tofauti iliyopo baina ya *kulipa* na *kulipwa*.

5.0 Kipuri Kisichosifiwa

Ukijumlisha wati 65 zinazotajwa kwa prosesa na wati 132 za kadi, hupati hata wati 200. Hata hivyo tulinunua pawa saplai ya wati 550 yenye alama ya 80 Plus, alama inayothibitisha kwamba imepimwa ufanisi wake. Hapa vishawishi ni vikubwa, kwa sababu pawa saplai haionekani katika mchezo wala haisifiwi na vijana. Lakini ndiyo inayoshikana na kila kipuri, na ikiungua vibaya yaweza kuungua pamoja na vingine. Kwa sisi tunaoishi pwani, penye joto na unyevunyevu, na ambao umeme wetu hupanda na kushuka, stebilaiza na keisi yenye feni za kutosha na vichujio vya vumbi si anasa hata kidogo.

6.0 Lugha ya Mafundi

Nimekuwa nikitumia maneno *madabodi*, *ramu*, *keisi* na *pawa saplai* kwa makusudi, kwa sababu ndiyo niliyoyasikia. Historia ya istilahi za kompyuta inatufundisha kuwa waangalifu. *Ngamizi* lilipendekezwa, na *tarakilishi* likashika mizizi Kenya, lakini wasemaji wengi wamebaki na *kompyuta*. Programu za ofisi za Jambo OpenOffice zilipotolewa kwa Kiswahili mwaka 2004, zilileta msamiati wa mambo yanayoonekana kwenye skrini. Majina ya vilivyomo ndani ya keisi yaliachiwa karakana.

Nako karakana hakuna vurugu. Inajulikana kwamba neno *madigadi* lilichukuliwa na baadhi ya wasemaji kuwa ni wingi, wakapata umoja *digadi*. Nilitegea sikio nione kama *madabodi* litafuata njia hiyo. Sikumsikia fundi hata mmoja akisema *dabodi*. Wote walisema "madabodi hii imeungua", "madabodi hizi zimeisha", yaani walilipeleka neno katika ngeli ya *kadi* na *feni*, bila ya kuisikiliza silabi *ma-*. Kijana aliyetuuzia vipuri, ambaye aliniita Mwalimu tangu shikamoo yake ya kwanza, alimweleza binti yangu habari ya soketi kwa maneno haya: "Hii na hii hazipatani." Kitenzi alichokitumia ndicho tunachokitumia sisi katika sarufi.

7.0 Hitimisho

Katika insha hii nimejaribu kuonyesha kwamba kuchagua vipuri ni kuchagua mahusiano, na kwamba anayeanza na kipuri bora badala ya kuanza na matumizi huishia kuwa na vipuri vizuri na kompyuta mbaya. Mashine yetu iliwaka, na fedha za kusuka nywele hazikupotea.

Kwa wanafunzi wa uzamili ninapendekeza jambo moja. Kabla ya kubuni istilahi nyingine ya kipuri chochote, wakae karakana kwa wiki kadhaa na daftari, waandike neno linalotumika, ngeli lililoingizwa na vitenzi vinavyoandamana nalo. Utafiti huo hauhitaji gharama kubwa, na mafundi hawachoki kueleza kazi yao.