Kompyuta au Dagaa: Riziki Yetu Tunaipima kwa Nini?



Ndugu wasomaji, hasa nyinyi wanafunzi mnaosomea kompyuta na wazazi mnaowalipia ada: nimeandika programu za kompyuta mjini Lusaka kwa miaka tisa, na mwaka huu nafikiria kuiacha kazi hiyo. Nimeona niwaeleze ninavyolipima jambo hili, kwani najua si langu peke yangu.

Kazi yenyewe haijanichosha. Kilichoninyima usingizi ni kutakiwa nihamie kitengo cha mikopo ya simu. Huko ningeandika hesabu ya kuongeza deni kila mteja anapochelewa, pamoja na ujumbe wa kumsumbua mpaka alipe. Mikopo hii mnaijua. Nchini Kenya, M-Shwari ilianza Novemba 2012 ikitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Huitwa ada, lakini anayekopa hivyo mwezi baada ya mwezi, kwa mwaka analipa asilimia 90. Zambia nayo haikubaki nyuma.

Wenzangu huniambia, "Wewe hukopeshi, unaandika tu." Hapo ndipo penye uzito. Katika hadithi ya Jabir (r.a.) iliyopokewa na Imam Muslim, laana ya riba haikuishia kwa mlaji. Imemfika mlipaji, mashahidi wawili na mwandishi wake, na wote wakahesabiwa sawa. Mwandishi wa zamani alishika kalamu, wa leo anabonyeza kibodi. Mimi sioni tofauti.

Nikaomba likizo, nikaenda kwa mjomba wangu Kashikishi, wilaya ya Nchelenge, ufukweni mwa Ziwa Mweru. Ukoo wa mama unatoka Pweto, upande wa Kongo, ndiyo maana nyumbani kwetu tunasema Kiswahili. Mjomba hununua chisense, dagaa wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani, kisha huwapeleka Kitwe kwa magunia. Anazeeka, angependa nimsaidie.

Aliyechoshwa na mji huona ziwani kila kitu ni safi. Lakini ziwa nalo lina mitihani yake. Wapo wanaokokota vyandarua vya mbu na kuzoa hata vifaranga vya samaki. Wapo wenye mtaji wanaomkopesha mvuvi nyavu, kisha wakampangia bei ya samaki wake mpaka deni haliishi. Wazee hukumbusha habari za mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda mto Luapula kwa wingi kwenda kutaga. Alivuliwa akiwa amebeba mayai, na kufikia miaka ya 1950 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka. Sasa kila mwaka uvuvi hufungwa tangu 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Mjomba aliniuliza, "Mwanangu, miezi hiyo mitatu wanao watakula nini?"

Swali hilo ndilo lililoniweka sawa. Haramu inaweza kuingia ndani ya mtumbwi kama inavyoingia ofisini. Basi la kupima ni mkataba: nani anapata, nani anaumia, na je, ameridhia akiwa anajua?

Kwa hiyo tumekubaliana na mjomba kuanza kidogo, kwa mudharaba. Mtaji ni wangu, kazi ni yake. Faida tutagawana nusu kwa nusu, na hasara ya mtaji ni yangu, isipokuwa kama kumetokea uzembe. Tukitaka kumlipa mvuvi kabla ya mavuno, ipo njia ya salam aliyoiruhusu Mtume (s.a.w.) kwa watu wa Madina: bei hulipwa yote mwanzoni, na kipimo na muda vikajulikana. Wala ujuzi wangu sitautupa. Hesabu za mjomba zimo katika madaftari manne, na hakuna ajuaye safari ipi ilileta faida. Nimeanza kumwandikia programu ndogo ya simu, na wafanyabiashara wawili jirani zake wameiulizia.

Kazini nimeandika barua kwamba kitengo kile sitahamia. Wakinipa kazi nyingine iliyo safi, nitabaki. Wasiponipa, nitaondoka. Mshahara huo ndio unaolipa kodi ya nyumba na ada za watoto wawili, kwa hiyo si jambo jepesi. Mama watoto amesema tuhamie nyumba ya bei nafuu sasa hivi, tusingoje siku ya kufukuzwa. Nimeona ana busara kunizidi.

Wanafunzi, msiichukie kompyuta kwa ajili ya haya. Mnapoitwa kwenye usaili, ulizeni programu mtakayoandika itamfanyia nini mtu wa mwisho atakayeitumia. Na nyinyi wazazi, kijana akirudi nyumbani na mshahara mdogo ulio safi, msimlinganishe na mtoto wa jirani.

Tunamuomba Allah (s.w.) atutosheleze kwa halali yake atuepushe na haramu yake, na azibariki familia zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.