Taa ya Nyuma ni ya Dereva

Watu wengi katika mkoa wetu wa Dodoma hudhani kwamba kazi ya taa ya baisikeli ni kumwonyesha mpandaji mashimo yaliyo mbele yake. Kwa sababu hiyo hufunga tochi kwenye usukani, na nyuma huacha giza tupu. Mimi naona kwamba taa iliyo bora zaidi ni ile ambayo mwenye baisikeli haioni kabisa awapo safarini, yaani taa nyekundu ya nyuma. Hiyo si yake. Ni ya dereva.

Kwetu ni karibu na Kibaigwa, Wilaya ya Kongwa, penye soko kubwa la mahindi kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Baba hupeleka gunia sokoni kwa baisikeli, naye huondoka kabla ya mapambazuko. Malori yapo siku zote, na tangu Oktoba 2023 mabasi nayo yameruhusiwa kusafiri usiku kucha. Basi jambo hili kwetu si la mchezo.

Na tupige hesabu kidogo. Basi likienda kilometa 80 kwa saa, hupita mita 22 kwa kila sekunde. Dereva akikawia sekunde 1 tu kabla ya kukanyaga breki, mita 22 zimekwisha kwenda, na basi lataka mita nyingine 35 au zaidi hata lisimame. Tena akiinamisha taa zake ili asimtie kiwi mwenziwe ajaye mbele, mtu mwenye nguo nyeusi haonekani mpaka yu karibu sana. Hapo dereva hana nafasi ya kusimama wala ya kuhama. Hupiga honi, akapita.

Likizo iliyopita nilikaa jioni mbili kando ya barabara nikitazama. Magari yalimfikia asiye na taa kwa kasi ile ile, kisha yakayumba ghafula. Mwenye taa nyekundu, mengi yalianza kusogea kulia tangu mbali. Nilimwamkia dereva mmoja wa lori aliyekuwa akipumzika, nikamwuliza sababu. Akanijibu, "Mwanangu, mwenye taa namfikiria kabla sijamfikia. Asiye na taa namfikia kwanza, ndipo nimfikirie."

Wataalamu nao wameyapima mambo haya. Huko Australia, katika jaribio la usiku lililotangazwa mwaka 2012, madereva waliwatambua waendesha baisikeli mara 90 kwa 100 walipovaa fulana ya kurudisha mwanga pamoja na mikanda ya namna hiyo magotini na vifundoni. Waliovaa nguo nyeusi walitambuliwa mara 2 tu. Sababu ni kwamba miguu hupanda na kushuka, na dereva akiona mwendo huo hujua mara moja kuwa huyo ni mtu, si kigingi cha barabarani.

Lakini tusijidanganye. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, waligundua kwamba fulana zing'aazo hazikuwafanya madereva wampishe mwendesha baisikeli kwa nafasi kubwa zaidi. Kuonekana humpa dereva wakati wa kufikiri; hakumpi adabu. Adabu aje nayo mwenyewe.

Nilipomweleza Baba haya, alicheka akasema, "Njia hii naijua tangu utoto wangu."

Nikamjibu, "Ni kweli, Baba, wewe waijua njia. Lakini dereva hakujui wewe."

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza taa hiyo hufungwaje. Sasa baisikeli yake ina taa nyekundu chini ya kiti, na pedali zake zina vioo vya kurudisha mwanga. Gunia refu huweza kuiziba taa, kwa hiyo tumeishusha mpaka juu ya bamba la tope.

Wenzangu, tukifunga shule tazameni nyuma ya baisikeli za nyumbani kwenu. Wazee wetu hawawezi kujiona kwa nyuma, tuwatazamie sisi.