Kanda ya Baba na Wanaume Wanne wa Texas

Kwa sisi tuliolelewa Kisumu katika nyumba za Waadventista, Jumamosi ilikuwa siku ya redio kunyamaza. Benga haikuingia ndani, hata kama jirani aliifungulia hadi vikombe vikatikisika kabatini. Kilichoruhusiwa kwetu Nyalenda ni kanda moja isiyo na jalada, ambayo Baba alikuwa ameiandika kwa kalamu ya wino: King's Heralds. Ilikuwa nakala ya nakala, na Mungu ndiye ajuaye ilinakiliwa mara ngapi kabla ya kutufikia.

Baba aliimba besi. Pamoja naye walikuwa fundi cherehani, karani wa bandarini na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ambaye sisi watoto tulimwita Baba Achieng'. Huyo ndiye aliyekuwa teno ya kwanza. Msomaji aliyewahi kuhudhuria makambi ya Agosti anaelewa nisemapo kwamba Baba Achieng' alipopanda juu, akina mama waliacha kutuliza watoto na watoto wenyewe wakatulia. Wanne hao walifanya mazoezi sebuleni petu kila Jumatano, wakiirudisha kanda nyuma kwa kalamu ya Bic ili kulinda betri.

Waliokuwa wakiigwa hawakuwa watu wa jana. Walianza mwaka 1927 katika chuo cha Kiadventista cha Keene, Texas: ndugu watatu wa familia ya Crane na mwenzao Ray Turner, wakijiita Lone Star Four. Kusini mwa Marekani wakati huo kulijaa makundi ya wanaume wanne wanne, na chanzo chake, msomaji usishangae, kilikuwa biashara. Mwaka 1910 mchapishaji mmoja wa Lawrenceburg, Tennessee, aitwaye James D. Vaughan, aliwatuma wanaume wanne wazunguke wakiimba ili watu wanunue vitabu vyake vya nyimbo. Ni kama yule muuza dawa wa soko la Kibuye anayeanza kwa mchezo ndipo afungue mkoba. Vitabu hivyo viliandikwa kwa noti zenye maumbo: do ni pembetatu, la ni mraba, na kadhalika, hivyo hata mkulima aliweza kuzisoma. Kwetu kazi hiyo ilifanywa na herufi d, r, m, mfumo ulioenezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19. Baba hajui noti za mistari hadi leo, lakini mpe herufi hizo na atakuimbia wimbo asiowahi kuusikia.

Katika miaka ya 1930 mhubiri H.M.S. Richards aliwaita vijana wale kwenye kipindi chake cha redio California. Mwaka 1937 wakapata jina la King's Heralds, yaani wapiga mbiu wa Mfalme, na Januari 1942 kipindi kikaanza kusikika Marekani nzima. Waimbaji walibadilika, jina likabaki. Wapenzi wao wengi huwakumbuka zaidi wale walioimba kuanzia 1949 hadi 1961: Bob Edwards, Bob Seamount, Wayne Hooper na Jerry Dill. Hooper ndiye aliyezipanga sauti nyingi, na ndiye mtunzi wa wimbo wa mkutano mkuu wa kanisa uliofanyika San Francisco mwaka 1962.

Huku kwetu udongo ulikuwa umekwisha kulimwa. Mwaka 1906 Mkanada Arthur Carscallen na Peter Nyambo, mwana wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, walivuka ghuba kutoka Kisumu na kuanzisha misheni ya Gendia, karibu na Kendu Bay. Nyimbo zilitangulia, kanda ikafuata.

Kundi la Baba lilivunjika mwaka 1999, nikiwa darasa la tano. Baba Achieng' alikuja Jumatano moja na kinanda cha umeme alichokiazima, akasema wakati umefika wa kurekodi. Baba alikikataa. Alinyosha kidole kwenye redio ya kaseti, akasema, "Hawa walitumia kinanda gani?" Maneno yaliyofuata siwezi kuyaandika katika gazeti linalosomwa na watoto. Baba Achieng' alifunga mzigo wake akaondoka, na alipostaafu akahamia kwao Kendu Bay. Hawakuzungumza tena.

Wale wa Marekani nao walikuwa wameonja kuachwa. Mwaka 1982 kipindi cha redio kiliacha kuwa na waimbaji wanne wa kudumu. Wao wakaendelea kivyao kwa jina la Heralds, na baadaye jina la zamani likarudi. Baba nilipomsimulia alisema tu, "Wao walikuwa na akili."

Mwaka jana nilipata nyimbo zile zile kwenye simu, safi kabisa. Nilizisikiliza usiku, peke yangu. Katika wimbo wa tatu wa kanda yetu nilishtuka. Ule mvumo wa chini, ambao miaka yote tulidhani ni uzee wa utepe, ulikuwa kinanda! Naam, kinanda cha kanisa, kikiwasindikiza taratibu. Nyimbo nyingine waliziimba kwa sauti tupu, lakini si huo.

Nilikaa wiki mbili nikijiuliza kama nimwambie. Mzee ana miaka 74 na shinikizo la damu. Mwishowe nilimwekea simu sikioni Jumamosi alasiri, bila kusema neno. Alisikiliza hadi mwisho, akaomba niurudie. Kisha akaivua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Matatu ya Kendu Bay," akauliza, "bado hupitia Katito? Nauli ni pesa ngapi siku hizi?"