Pipa la Maji Chomboni

Sisi watu wa Ugogo tukisikia habari za bahari, huwaza kwanza wingi wa maji. Kwetu Msalato mvua huanza Desemba na kukoma Aprili, nayo kwa kawaida haizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Kwa hiyo mtu aliyezungukwa na maji pande zote twamdhania amestarehe. Sivyo, wasomaji wapenzi. Chomboni maji hupimwa kuliko hata kwetu wakati wa kiangazi.

Mwezi wa Agosti, mwaka 2018, tulisafiri toka Dar es Salaam kwenda Mikindani katika chombo cha mbao chenye mashine, urefu wake mita 14. Tulikuwa watu 11: nahodha, fundi wa mashine, mabaharia wawili, mpishi, na abiria sita, kati yao mama mmoja na mtoto wake. Upepo wa kusi ulitukabili, na siku ya kwanza abiria karibu wote walitapika.

Siku zetu zilikwenda hivi. Alfajiri mabaharia walifua maji ya ngama, naye fundi alitazama mafuta. Mpishi alipika juu ya sanduku lililojaa mchanga, ili moto usiunguze mbao. Usukani ulishikwa kwa zamu, mchana na usiku. Na kila asubuhi nahodha mwenyewe alifungua pipa, akampa kila mtu makopo manne ya lita moja. Mabaharia, walio Waislamu, walitawadha kwa maji ya bahari, pipa wasiliguse. Wala hapana awezaye kunywa maji hayo, maana lita moja ina kama gramu 35 za chumvi, na mwili hupoteza maji mengi zaidi katika kuitoa. Anywaye huongeza kiu yake.

Siku ya tatu, tulipokuwa mkabala wa milango ya mto Rufiji, bomba la kupozea mashine liliziba, mashine ikazimika. Mkondo wa bahari, ambao pwani yetu huelekea kaskazini, ulianza kuturudisha tulikotoka. Nahodha akatupa bildi, akapata pima kumi na mbili, akatia nanga.

Asubuhi yake makopo yakawa mawili badala ya manne, kwa maana hakuna aliyejua tutakaa siku ngapi. Ndipo watu wawili walipoanza kunung'unika, wakitaka maji yote yagawanywe mara moja, kila mtu alinde yake. Nahodha hakupaza sauti. Alimpa mtoto kwanza, kisha mamaye, kisha wagonjwa, kisha sisi wengine. Yeye akanywa mwisho, na kopo lake halikujaa. Manung'uniko yakakoma pale pale.

Siku ya tano adhuhuri mashine iliwaka tena. Tulifika Mikindani siku ya nane, na maji yalikuwamo bado pipani.

Tulimkumbuka mfalme Daudi, aliyekataa kuyanywa maji ya kisima cha Bethlehemu, kwa kuwa watu walihatarisha roho zao kuyateka. Visima vyetu hupungua mwezi wa Oktoba, na ugomvi huanza penye safu ya ndoo. Kijiji nacho ni chombo, ndugu zangu. Kanuni ya kugawa maji ni njema, lakini watu huitii kwa moyo pale wamwonapo aliyeshika kopo akinywa mwisho.