Kusimama kwa Mkupuo Mmoja

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nami naongeza: atakaye kusimama juu ya wimbi sharti kwanza alale kifudifudi.

Hapa Malindi, pepo za kusi zikivuma, hasa Julai na Agosti, bahari huchafuka na mawimbi huja hadi ufuoni. Likizo ya Agosti binamu yangu aliniazima ubao wake wa kuteleza mawimbini. Mama alikubali kwa sharti moja: shule ikifunguliwa, ubao urudi kwa mwenyewe, maana mwakani ni kidato cha nne. Basi siku zangu zilikuwa za kuhesabu.

Kulala na kupiga makasia kwa mikono si kazi. Kazi ni kusimama! Wimbi likishauinua mkia wa ubao, nao ukaanza kuteleza wenyewe, una muda wa kupepesa jicho tu. Kwa hivyo siku tatu za kwanza binamu hakuniruhusu majini. Alichora ubao mchangani, akasema, "Lala hapo, mdogo wangu. Mchanga hauzamishi mtu." Watoto walinicheka, eti naogelea nchi kavu. Nikaendelea, mara hamsini asubuhi, hamsini jioni.

Somo lenyewe ni hili. Weka viganja bapa, usawa wa mbavu. Usishike kingo, ubao utayumba. Sukuma kifua juu, kisha vuta miguu yote miwili kwa mkupuo mmoja. Wa mbele utue kati ya viganja, wa nyuma ubaki kuelekea mkia. Kunja magoti lakini yasiguse ubao. Anayepiga magoti kwanza, wimbi humpita akiwa bado anasali! Macho nayo yatazame mbele, si miguuni. Kichwa kikiinama, mwili hufuata.

Usiseme huna ubao. Ítalo Ferreira wa Brazili, aliyepata dhahabu mchezo huu ulipoingia Olimpiki mara ya kwanza mwaka 2021, alianzia juu ya kifuniko cha sanduku la barafu la baba yake, muuza samaki.

Jumamosi ya mwisho ya likizo nilisimama, nikateleza hadi maji ya magotini. Mama, aliyekuwa ufuoni na leso mkononi, alipiga kigelegele. Ubao umekwisha kurudi kwa mwenyewe, na vitabu viko mezani. Lakini mchanga ni wa bure, na kila alfajiri mwili wangu unakumbushwa.