Amemaliza madarasa, hajamaliza shahada

Neno moja lililoeleweka vibaya kwenye simu liliitia familia moja ya Morogoro katika mzozo wa mwezi mzima.

Binti yao wa kwanza, mhandisi wa maji, anasomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Mwishoni mwa mwaka wa pili alimpigia mama yake kwa furaha: “Mama, nimemaliza madarasa!” Mama akaelewa kwamba masomo yamekwisha. Akawaambia ndugu, na baba mdogo akaanza kukusanya michango ya sherehe ya kumpokea. Binti aliposema bado ana miaka mbele yake, wapo waliodhani amefeli na anaficha.

Hakuwa anaficha kitu. Chuo hicho kinadai krediti 96 baada ya shahada ya kwanza. Mwenye shahada ya uzamili, kama yeye, hubakiwa na 64. Sehemu ya krediti hizo ni masomo ya darasani, yenye mwalimu na mitihani. Sehemu kubwa inayobaki ni utafiti wa tasnifu. Hauna ratiba wala kengele, lakini mwanafunzi huusajili kila muhula na unahesabiwa kama somo. Ndiyo maana mtu anaweza kumaliza madarasa na safari ikawa bado ndefu.

Tena krediti peke yake hazitoshi. Lazima asimame mbele ya jopo la wahadhiri kueleza utafiti anaokusudia, aufanye, auandike, kisha arudi kuutetea. Jaribio la maabara likiharibika, linaanza upya.

Jambo lililouma zaidi lilikuwa fedha. Wanafunzi wengi wa uzamivu wa uhandisi kule hulipiwa ada na kupewa posho kwa kusaidia utafiti au kufundisha. Viza ya mwanafunzi haimruhusu kufanya kazi chuoni zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kwa hiyo nyumbani walipomwomba ada ya wadogo zake wakidhani sasa ana mshahara, alipunguza chakula chake ili atume.

Mama alilijua hilo Jumapili moja, alipoacha kuuliza “unarudi lini?” akauliza, “Mwanangu, umebakiza hatua gani?” Binti akazitaja, mama akaziandika nyuma ya daftari lake la vikoba: jopo, majaribio, kuandika, kutetea. Siku hizi ndugu wakiuliza, anawajibu, “Yuko kwenye majaribio.” Baba mdogo amerudisha michango ya watu.

Mzazi mwenye mtoto katika safari kama hii, kabla ya kumwahidia ndugu yeyote tarehe, muulize mwanao yuko hatua gani. Na kabla ya kumwomba fedha, muulize kama amekula na analala saa ngapi.