Diani si bahari tu: Wapeleke watoto wakaone dini na maisha ya kiroho

Mzazi mwenye kijana wa miaka 13 au 14 huenda tayari amelisikia hili nyumbani: "Mimi namwamini Mungu, lakini mambo ya dini siyataki." Wapo wanaopandwa na hasira papo hapo. Wapo wanaonyamaza wakidhani ni upepo tu, utapita. Lakini ndani ya kauli hiyo mna swali la haki: je, dini na maisha ya kiroho ni kitu kimoja?

Kiswahili chenyewe kinatutahadharisha hapa. Neno dini kila mtu analijua. Ukijaribu kuunda jina kama hilo kutokana na roho, unapata uroho, yaani ulafi. Ndiyo maana tunasema "maisha ya kiroho" au "mambo ya kiroho". Haitoshi kuwa na roho. Kila mtu anayo. Kazi ni kuilea.

Badala ya kumhubiria mtoto sebuleni, mpeleke Pwani ya Kusini, kaunti ya Kwale. Ukivuka feri ya Likoni na kupita Ukunda, unafika Diani. Wengi huishia ufuoni. Wewe tenga siku moja kwa ajili ya sehemu mbili ambazo hazilali mbali.

Ya kwanza ni Msikiti wa Kongo, upande wa kaskazini wa ufuo, pale Mto Mwachema unapoingia baharini. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe karne nyingi zilizopita, na umezungukwa na mibuyu minene. Lakini hili si gofu. Watu wanaswali hapo hadi leo.

Mwonyeshe mtoto utaratibu ulivyo. Viatu huvuliwa nje. Kuna kutawadha, kuna kibla, kuna saa. Mtu wa Lamu, wa Tanga au wa Cairo akiingia hapa hahitaji kuelezwa la kufanya. Hiyo ndiyo dini: mafundisho, ibada, kalenda na watu wa kutembea nao. Kanisani ni vivyo hivyo, kuanzia ubatizo hadi jumuiya ndogo ndogo za mtaani. Na faida yake huonekana siku ngumu. Mtu akifiwa, akili imeruka, dini inajua nani ataosha maiti, nani atachimba kaburi na nani atapika chai ya wafiwa.

Baadaye chukueni tuktuk mwelekee kusini hadi Kaya Kinondo. Huu ni msitu mtakatifu wa Wadigo, wenye ukubwa wa hekta 30 hivi. Kabla ya kuingia, kila mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni. Masharti huelezwa kwa upole lakini hayana mjadala: usichukue kitu, hata jani, usikate tawi, msikumbatiane wala kubusiana kama wapenzi, msipige kelele, usipige picha ya kaburi.

Ukiingia, jua la barabarani linabaki nyuma. Mizizi imetambaa juu ya mawe ya matumbawe, mbega wanaruka huko juu, na watoto waliokuwa wakigombania simu kwenye tuktuk wanaanza kunong'ona bila kuambiwa. Waongozaji huwaalika wageni kuukumbatia mti mkubwa na kuuachia mzigo wa moyoni. Wengine hucheka. Wengine hukaa pale kwa muda kuliko walivyotarajia.

Kaya zilikuwa makazi. Masimulizi ya Wamijikenda, makabila tisa yanayowajumuisha Wadigo, Wagiriama, Waduruma na Warabai, husema walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini, wakajenga vijiji vyao ndani ya misitu ili kujikinga na maadui. Katikati ya kaya walizika fingo, kinga ya jamii nzima. Watu walipohama kwenda kulima, msitu ulibaki mikononi mwa wazee. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama katika Kaya Fungo wasiwatii Waingereza, na mwaka uliofuata Waingereza wakailipua kaya hiyo kwa baruti. Mwaka 2008 misitu ya kaya iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia.

Hapa ndipo kijana wako atauliza la maana. Wadigo wengi ni Waislamu. Mzee anayekuongoza kayani huenda ataswali adhuhuri msikitini. Anachanganya? Wapo masheikh na wachungaji wanaosema ndiyo, na mafundisho ya nyumba yako unayajua mwenyewe. Lakini hata asiyekubaliana na mila za kaya anaweza kuona kinachotokea kwa mtoto pale ndani: anatulia, anahisi kwamba yeye si mkubwa kuliko vyote, na anakanyaga kwa adabu. Hapo ndipo maisha ya kiroho yanapoanzia.

Usimwache aondoke na jibu jepesi, kwamba msikiti ni dini na msitu ni kiroho. Kaya nayo ina wazee, miko na matambiko. Miti ile haikusimama kwa sababu watu walijisikia vizuri chini yake. Ilisimama kwa sababu kulikuwa na sheria, na watu waliozishika vizazi kwa vizazi. Anayesema hataki masharti yoyote, anataka kivuli cha mti ambao wengine waliulinda kwa masharti.

Na sisi wazazi tusikie upande wa pili. Miko hudumu pale tu panapobaki heshima moyoni. Heshima ilipopungua, baadhi ya kaya zilikatwa miti na ardhi ikachukuliwa. Vivyo hivyo mtu anaweza kuswali swala tano, au kukaa kiti cha mbele kanisani kila Jumapili, kisha akarudi nyumbani kumtukana msichana wa kazi. Dini ni njia tuliyorithishwa. Maisha ya kiroho ni namna moyo unavyotembea ndani ya njia hiyo.

Jambo hili si la nadharia. Hapa hapa Kwale, na jirani Kilifi, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, mara nyingine na jamaa zao wenyewe, huku nyuma yake kukiwa na tamaa ya ardhi. Misikiti na makanisa yapo katika vijiji hivyo. Dini haikukosekana, kilichokosekana ni moyo unaomwona mzee kuwa ni mtu. Mtoto aliyemsikiliza mzee wa kaya akieleza mti mmoja baada ya mwingine hataziona tena mvi kama alama ya uchawi.

Ukiamua kwenda, vukeni feri mapema. Vaeni nguo za heshima. Msikitini omba ruhusa kwanza na epuka saa za swala, hasa Ijumaa. Kayani ingieni na mwongozaji, na ulizia ada kabla ya kuanza. Bebeni maji na viatu vya kufunika vidole.

Mkirudi, usimpe mtoto somo. Muulize mambo matatu: Wapi ulinyamaza bila kulazimishwa? Sharti lipi uliliona lina maana? Na kitu gani hapa nyumbani tunakifanya kwa mazoea tu? Swali la tatu litakugusa wewe pia. Mjibu kwa ukweli, kwa maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.